Siri Niliyoliambia Koti Jekundu

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, usijali. Nitakurudisha njiani upesi.

Mimi ni mjane, fundi cherehani, mshona majoho ya kwaya. Nilikuwa safarini kwenda kupanda mlima na rafiki zangu wawili wa shule ya msingi, mlima ule ule tuliokuwa tukiutazama dirishani badala ya kutazama ubao. Tuliapiana tukiwa darasa la saba kwamba tukikua tutaupanda. Tukakua, tukasahau. Magoti yalipoanza kulia ndipo tukakumbuka.

Nyumbani nilimwacha mwanamume anayesubiri jibu. Fundi Saa, mgane, mtu wa sauti ya chini, aliyekuja kutengeneza saa ya ukutani ya kanisa letu akaishia kunitengeneza mimi. Aliniomba tuoane. Nikamwambia nikishuka mlimani nitamjibu. Akasema hata wana wa Israeli hawakusubirishwa hivyo, na wao waliishia kuabudu ndama.

Kisha kondakta wa basi, Mungu amsamehe kabla sijamkuta, akapakia sanduku langu kwenye basi la kwenda kwingine. Nikafika mlimani na Biblia, mkoba wa mkononi, na furushi la makoti matatu niliyoyashona mwenyewe. Niliishia pale langoni, mwanamke mnene akinijia mbio huku anapiga kelele.

Haya. Mwanamke huyo alikuwa Honi.

Tulimpa jina hilo darasa la kwanza, kwa sababu akimwita mtu mmoja wanageuka watu wote. Sasa ana saluni katika mji mwingine, na bado hajajua kuongea polepole.

"Mtakatifu! Kumbe bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie," nikamwambia, "nijue kama kule wanapokea watu wa aina yako."

Akanikumbatia mpaka uti wa mgongo ukaomba msamaha.

Nyuma yake alisimama Mizani, mkoba kifuani, ametulia kama picha ya kitambulisho. Mizani anauza nafaka katika mji wa tatu, mbali na sisi sote, na maneno yake huyapima kama anavyopima maharage. Hazidishi punje.

"Umekonda," akaniambia.

Kwa Mizani hiyo ni hotuba. Nikalia. Sikuwa nimepanga kulia, lakini nilipoziona nyuso zile mbili zimezeeka bila mimi kuwepo, machozi hayakuniuliza.

"Na mumeo, Mizani?" Honi akadakia. "Harusini hukutualika, picha hututumii. Tutamwona lini?"

"Yuko safari."

"Miaka yote yuko safari! Ni mume au ni meli?"

Mizani akafunga zipu ya mkoba wake. Mazungumzo yakafungwa nayo.

Nikafungua furushi langu kwa majivuno. Makoti matatu yaliyofanana, ya kitambaa kizito chekundu kilichobaki kwenye majoho ya kwaya, ndani nimetia sponji, juu yana kofia za kufunika mpaka nyusi. Niliyashona makubwa makusudi, mwanamke wa umbo lolote aenee.

"Wewe umetushonea makochi," akasema Honi.

Tulipoyavaa tulionekana magodoro matatu yaliyotoroka dukani. Honi mnene na Mizani mwembamba wakawa umbo moja. Mwongozaji wetu, mwanamume mkavu mwenye miguu ya mbuzi, alituzunguka akitutazama.

"Akina mama, uzuri wake mkianguka hamtaumia. Mtadunda tu."

"Ni mekundu," nikamjibu, "ili tusipoteane."

Naomba msomaji ulishike neno hilo. Mimi lilinishika baadaye.

Mwongozaji akatupa sheria yake moja. Mlima huu, alisema, aliyechoka zaidi ndiye anayetangulia. Wengine wanamfuata kwa mwendo wake, hakuna kuachwa. Kila tukipumzika yeye mwenyewe atatuangalia usoni, aamue nani aende mbele.

"Basi mimi niweke mbele mpaka Yesu arudi," akasema Honi.

Tukapanda.

Honi aliimba. Aliimba pambio zote tulizoimba shule, na alipozimaliza akaanza kutunga zake. Mwongozaji alimwonya kwamba hewa ya huku ni baridi, itamkausha koo. Akaimba onyo hilo nalo.

Mimi niliomba. Lakini sala zangu zilifupika kadiri hewa ilivyopungua. Kule chini nilianza na "Ee Mwenyezi Mungu uliyeziumba mbingu na nchi." Katikati nikafika "Ee Mungu." Tulipokiona kibanda cha kulala nilikuwa nimebaki na "Ee."

Kibanda kilikuwa cha mbao, vitanda vya ghorofa, vikombe vya bati, na harufu ya soksi za watu waliotutangulia. Jua lilikuwa bado halijazama. Tukaketi na chai, Honi akavua viatu, mbu kama wapo kule juu walikufa.

"Jamani, nina jambo," akasema. "Nilitaka niwaambie kesho kileleni. Lakini kwa pumzi hii, kesho tutafika mimi au jambo. Hatutafika wote wawili. Nimepata mtu."

"Mtu wa nini?" nikauliza.

"Mtakatifu, mtu wa nini tena? Wa kuniwekea godoro juani? Mchumba! Ameniomba, nimeshamkubalia."

Nikapiga kigelegele. Niliyekipiga ni mimi huyu huyu, kwa mdomo wangu.

Akanipa simu nione picha. Mwanamume amesimama mbele ya kioo cha saluni, kimkoba kidogo mkononi, anatabasamu. Shingoni ana tai ya zambarau.

Ile tai niliishona mimi. Niliikata kwenye kipande kilichobaki cha joho la mwalimu wa kwaya, nikaipinda kwa mkono, nikampa Fundi Saa siku ya Pasaka, akasema ataivaa siku ya kwenda kwa Mungu tu.

Kumbe Mungu ana saluni.

"Anafanya kazi gani?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Fundi saa. Anazunguka miji. Alikuja kutengeneza saa ya saluni, basi ikawa haiponi. Leo inatembea, kesho imesimama, keshokutwa yuko mlangoni na kimkoba chake." Honi akacheka kwa raha. "Nikajua hii si saa. Hii ni dalili."

Nikaikumbuka saa yetu ya kanisani. Nayo ilikuwa mgonjwa asiyepona. Nilidhani ni vumbi.

Mizani akaipokea simu. Akaitazama picha muda mrefu, akaigeuza simu nyuma na mbele, akairudisha kwa vidole viwili.

"Ana meno mazuri," akasema.

Kisha akatoka nje na simu yake mwenyewe bila hata kuvaa koti, na baridi ile inauma kama deni. Kulikuwa na jiwe moja tu kule nje lenye mtandao. Nikajua anapiga dukani kwake kuuliza habari za magunia. Mimi najisifu kuwa mwanamke mwangalifu. Kanisani mimi ndiye ninayejua nani hakuja kabla mchungaji hajajua. Lakini jioni ile nilitazama vyote nikaona kimoja.

Nililala nimegeukia ukutani. Nilimweleza Mungu hali ilivyo, nikamwambia pia kwamba sijapendezwa.

Asubuhi Honi alifungua mdomo kutusalimia, kikatoka kitu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akajaribu tena. Hakikutoka hata hicho.

"Nilisema," akasema mwongozaji. "Sasa mama, funga skafu mdomoni, usiongee mpaka tushuke."

Nikamshukuru Mungu. Halafu nikamwomba msamaha kwa shukrani hiyo.

Kabla hatujaondoka redio ya mwongozaji ikakoroma. Akasikiliza, akacheka.

"Wenzangu wa chini wanasema kuna mzee mmoja aliingia langoni jana usiku, akalala kibanda cha kwanza, sasa anapanda kwa fujo. Haambiliki. Hataki kupumzika, na amevaa viatu vya harusi."

"Labda anakimbia mke," nikasema.

Mizani hakucheka. Lakini Mizani huwa hacheki.

Tukaanza safari ya kilele. Honi mbele, Mizani katikati, mimi nyuma. Njia nzima nilikuwa na jambo moja kichwani. Nikimwambia Honi ukweli, atasema ni wivu wa mjane, na urafiki wa tangu meno ya utoto utakwisha pale pale. Nikinyamaza, ataolewa na mwongo, na mimi nitaalikwa. Nikaona mtu wa kunishauri ni mmoja tu, mpima maneno. Nikangoja nafasi.

Tulipumzika penye mawe makubwa. Nikamwomba mwongozaji ruhusa, nikazunguka nyuma ya jiwe kwa haja ambayo hata malkia huenda mwenyewe. Nilipokuwa huko, ukungu ukashuka. Haukuja taratibu. Ulimwagwa.

Niliporudi sikuona mlima, sikuona mbingu, niliona wekundu tu. Sauti ya mwongozaji ikatoka mbele: "Twendeni, msiachane, kila mtu amfuate wa mbele yake!"

Nikaenda nyuma ya koti la karibu, kama nilivyokuwa mwanzo. Koti hilo lilikuwa kimya. Upepo ulivuma, kofia imeshuka, ukimya ni ule ule. Sikuwa na shaka hata chembe.

"Mizani," nikasema kwa sauti ya chini, "nisikilize. Usigeuke. Nikiuona uso wako nitashindwa."

Koti likapunguza mwendo. Halikugeuka.

"Yule mtu wa Honi namjua. Ni Fundi Saa wetu, wa kanisani kwetu. Ile tai niliishona mimi. Ameniomba na mimi, Mizani. Anangoja nishuke nimjibu."

Koti likatikisika kidogo. Nikaona hiyo ni huruma, nikaendelea. Kuna maneno yakishapata mlango hayangoji kusukumwa.

"Nilikuwa namkubali. Kitambaa cha gauni nimeshakikata, rangi ya maziwa, nimekificha chini ya majoho ya kwaya, kila Jumapili naomba mtu asije kuvaa gauni langu akaimba nalo. Unajua ni muda gani sijamshonea mtu kitu kwa sababu ninampenda? Nakula peke yangu nakiangalia kiti. Nikakiambia kiti, ngoja, mwenyewe anakuja."

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na cha kuandika gazetini.

"Na huyo Honi naye! Wewe unamjua. Wa kwanza alimkimbia, wa pili akahama na kitanda. Hana macho yule mwanamke. Yeyote atakayemwambia amependeza, anamfungulia mlango na dirisha. Sasa nimwambieje? Nikimwambia atapiga kelele dunia nzima isikie. Bora Mungu kamnyima sauti leo."

Koti likasimama.

Na kutoka mbele, ndani ya ukungu, mbele kabisa aliko mwongozaji, ikaja sauti nyembamba ninayoijua tangu utoto.

"Mtakatifu, unaongea na nani huko nyuma?"

Sauti ya Mizani.

Koti la mbele yangu likageuka taratibu. Juu kofia, chini skafu, katikati macho mawili yaliyojaa maji.

Nilipokuwa nyuma ya jiwe, goti la Mizani lilikuwa limeuma. Mwongozaji, kwa sheria yake njema, akamweka Mizani mbele.

Honi akashusha skafu, akafungua mdomo. Mwanamke aliyewahi kuvunja gwaride la shule kwa kupiga chafya hakutoa hata pumzi. Nilitamani anitukane. Matusi ya Honi nayafahamu, yanapita kama mvua ya mawe, kisha mnaokota bati. Lakini kimya cha Honi sikuwahi kukiona, na sikujua pa kujificha.

Akavua koti. Akalitupa miguuni kwangu.

"Mama! Vaa koti!" Mwongozaji alikuja anakimbia. "Huku juu hakuna kugombana bila koti! Mkitaka kugombana, vaeni mgombane!"

Nikaliokota, nikamvisha kama mtoto. Aliniacha nimvishe, ila hakunitazama. Kisha akatuzidi sote kasi, akampita hata Mizani.

"Ajabu," akasema mwongozaji, "aliyechoka ndiye anakimbia."

Kileleni hapakuwa na kilele cha kuona. Palikuwa na nguzo, ukungu, na ukuta mfupi wa mawe wa kujikinga na upepo. Tukaketi nyuma yake tumebanana, kofia chini, Mizani katikati. Tangu darasa la saba tuliota tukifika hapa tutapiga kelele mpaka shuleni wasikie. Hakuna aliyepiga hata mluzi.

"Kuna nini?" akauliza Mizani.

Nikajikaza, nikarudia yote kwa sauti, mbele ya wote wawili. Nilimtaja Fundi Saa, tai, saa ya kanisani na saa ya saluni. Na niliyosema juu ya Honi nikayarudia pia, maana toba ya nusu sikufundishwa. Mizani alisikiliza akiangalia mikono yake.

Nikamwambia Honi, "Nisamehe. Mtu huyo simtaki. Nikifika nyumbani lile gauni nitalifanya foronya. Nikose yeye, nisikukose wewe."

Upepo. Kisha sauti yenye kutu ikatoka chini ya kofia ya Honi, neno moja moja.

"Ile tai. Uliishona kweli?"

"Kweli."

"Ni nzuri."

"Asante."

"Aliniambia... ameletewa kutoka ng'ambo."

Nikamtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii nilihakikisha kabla ya kudhani. Alikuwa anacheka. Kicheko hakina sauti, kimebaki mitikisiko tu, kama jokofu bovu. Kikanishika na mimi. Tukacheka mpaka Mizani katikati yetu akawa anasukwasukwa.

"Tukishuka," Honi akakwaruza, "wewe shika mikono yake. Mimi nitachukua wembe wa saluni."

"Honi! Mcha Mungu kama mimi?"

"Nitamnyoa tu. Nyusi."

"Kama ni nyusi, nitashika," nikasema.

Akaupitisha mkono wake nyuma ya Mizani akanifinya bega, kwa nguvu, mpaka nikajua nimesamehewa. Nikasema Amina moyoni. Nilidhani mkosi wangu umekwisha hapo. Mimi naye, sijifunzi.

Tukasikia miguu. Mtu anapanda, anapumua kama mvukuto, na nyuma yake sauti inamsihi apumzike. Ukungu ukapasuka kidogo akatokea mwanamume mwenye viatu vyeusi vya ngozi vilivyofumuka, suruali ya suti imejaa tope, na shingoni, juu ya mlima, tai ya zambarau.

Fundi Saa.

Honi akanifinya tena. Hatukuinua kofia. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa sponji yangu. Makoti matatu mekundu yanayofanana, migongo imekunjwa, nyuso hazionekani. Alisimama mbele yetu akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyesahau ufunguo upi ni wa mlango upi.

Basi, nikawaza, tumwone. Achague. Akipiga magoti mbele yangu, Honi atamwona. Akipiga mbele ya Honi, mimi nitamwona. Hana pa kutokea.

Akapiga magoti kwenye changarawe mbele yetu sote, bila kuchagua.

"Mke wangu," akasema anahema, "naomba nieleze kabla hawajakuambia."

Nikangoja Honi aruke. Honi naye, kumbe, alikuwa anangoja mimi.

Aliyesimama ni Mizani. Akaisukuma kofia nyuma, polepole, nywele zake za mvi zikapeperuka.

"Jana kwenye simu nilikukataza usinifuate huku," akasema, na hakupima hata neno.

Kisha akainama, akaishika tai niliyoishona kwa mkono wangu, akamwekea sawa shingoni, kwa vidole vilivyozoea.